Barua kwa mwanangu: yaliyopita yanajulikana?

Kilwa Masoko

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza: ikiwa kila mwanahistoria ana upande wake, yaliyopita yanaweza kujulikana kweli, au kila mtu anachagua simulizi inayompendeza?

Upande haukwepeki. Mimi ningeuliza kama kuna kitu kinachoweza kumbana mwanahistoria hadi abadili kauli. Kipo, na mfano uko ng'ambo hapo, Kilwa Kisiwani.

Tarihi ya Kilwa, yaani habari za kale za masultani wake, tunayo katika nakala ya Kiarabu na katika maandishi ya Mreno João de Barros, yaliyochapishwa 1552. Wengi huwahesabu kuwa mashahidi wawili. Kosa! Zote zinatokana na mapokeo ya jumba la kifalme, lililojinasibisha na Shiraz ya Uajemi, kwa hiyo zikikubaliana hazijathibitishana. Chunguza kwanza nani kachota kwa nani, ndipo uhesabu.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani, alimweka Sultani Ali bin al-Hasan, ambaye Tarihi inamtaja kuwa mwanzilishi wa ukoo huo, mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zenye jina la Ali, pamoja na dinari (sarafu za dhahabu) chache za kigeni, ya mwisho ikiwa ya 1066. Hapo usikimbilie. Dinari hiyo inathibitisha tu kwamba hazina haikufukiwa kabla ya 1066. Lakini kwa kuwa hamna ya baadaye hata moja, yaelekea ilifukiwa si muda mrefu baadaye, na sarafu za Ali zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Ikabidi Ali arudishwe karne ya 11. Chittick alitegemea tabaka la udongo, nalo linaonyesha tu sarafu ilidondoka lini. Ilipigwa lini ni suala jingine, maana sarafu huzunguka vizazi. (Na kama Ali alitoka Shiraz, sarafu haisemi.)

Kwenye Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani upande huonekana zaidi. Kinjikitile, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro, Agosti 1905: hilo halibadiliki, mwandishi awe Mjerumani au Mmatumbi. Alikuwa nabii au mchochezi? Hapo mwandishi anajitia mwenyewe. Kuhusu vifo, Wajerumani walikadiria 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, 250,000 hadi 300,000. Usichukue wastani. Uliza kila kadirio linamhesabu nani: aliyepigwa risasi tu, au na aliyekufa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa? Kisha andika zote mbili, kila moja na jina la aliyeitoa.

Baba yako