Keratinositi zinashikana na kuacha kugawanyika: kalsiamu imeingilia wapi?

Swali: Nakuza keratinositi (seli za tabaka la juu la ngozi) za binadamu kwa utafiti wa uzamili hapa Mwanza. Midia, yaani kimiminika cha kulishia seli, haina seramu (majimaji ya damu), ina kalsiamu milimola 0.06 kwa lita. Mwanzo zilikua vizuri, ila kila nikizihamishia sahani mpya, kesho yake zimeshikana, zimekuwa bapa, hazigawanyiki. Fibroblasti (seli za tishu unganishi) kwenye inkubeta ileile, midia ya milimola 1.8, hazina shida. Nakosea wapi?

Jibu: Fibroblasti zisikupotoshe, maana hizo hustawi kwenye kalsiamu nyingi. Keratinositi ni kinyume: chini ya 0.1 hugawanyika, na ikizidi hapo huanza kukomaa. Kwenye utando wao kuna kipokezi cha kalsiamu, kilekile kilichotambuliwa mwaka 1993 kwenye tezi za parathiroidi za ng'ombe. Kalsiamu ikikinasa kwa nje, ndani ya seli huzalishwa IP3, molekuli ya kupeleka ishara, ghala la kalsiamu hufunguka, na jeni za ukomaaji huwashwa huku mgawanyiko ukizimwa. Wakati huohuo kadherini, protini zinazounganisha seli na seli, hukakamaa kwa kalsiamu na kushikana. Ndiyo maana unaona mambo mawili kwa pamoja.

Kwa kuwa tatizo huja baada ya kuhamisha, naanza kushuku hatua ya kuzima tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli. Wengi huizima kwa midia ya fibroblasti yenye seramu 10%. Mchanganyiko huo una kalsiamu karibu milimola 1.9. Ukiacha nusu mililita tu juu ya seli baada ya kuzungusha kwenye sentrifuji, kisha ukaongeza mililita 10 za midia yako, unapata 0.15. Umeshavuka mpaka bila kujua!

Zima tripsini kwa kizuizi chake cha soya, kilichoyeyushwa kwenye bafa ya fosfati isiyo na kalsiamu. Zungusha kwa 200 g dakika 5, nyonya maji yote ya juu, osha tena kwa midia ya 0.06, zungusha, ndipo uzipande seli.

Maji nayo yaangalie. Maji ya ziwa letu ni laini, hayaachi ukoko mwingi kwenye birika, na hilo huwadanganya watu. Miligramu 5 tu za kalsiamu kwa lita ni milimola 0.125, mara mbili ya midia yako nzima. Suuza vyombo kwa maji yaliyoondolewa madini, si ya bomba.

Hakikisha kwa jaribio. Yeyusha gramu 1.47 za kloridi ya kalsiamu dihaidreti, ujazo ufike mililita 100. Hiyo ni milimola 100. Kwenye sahani moja yenye mililita 10, weka mikrolita 114 za myeyusho huo upate 1.2, nyingine iache 0.06. Zote ziwe zimeoshwa kama nilivyoeleza. Ya 1.2 ikishikana ndani ya siku moja na ya 0.06 ikabaki na seli zilizoachana, chanzo umekipata. Zikishikana zote, pima kalsiamu ya midia yenyewe.

Hamisha zikifunika 70% ya sahani, kwa sababu zikisongamana hukomaa hata kalsiamu ikiwa chini. Zile zilizokwisha kuwa kubwa na bapa usizihangaikie, anza na kichupa kingine kutoka kwenye friza.