Tulivyoulemaza mkono wa mama kwa huruma

Mama alipopata kiharusi, tulimfikisha hospitali siku ya pili. Ukiona mdomo wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanavurugika, mpeleke saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Sisi tulichelewa. Ninachotaka kusimulia leo, hata hivyo, ni kosa tulilolifanya nyumbani baada ya hapo, kwa sababu naliona karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa kupooza.

Tulimhudumia mno. Tulimlisha, tukamvisha, tukamfunga kanga, tukamchana nywele. Upande uliopooza ni wa kulia, na kwetu Tanga hatuli kwa mkono wa kushoto. Mama hakukubali kuutumia mbele ya watu hata siku moja, basi akawa anasubiri kulishwa, nasi tukawa tunagombania zamu ya kumlisha. Mkono wa kulia ukabaki umelala mapajani. Alipotoka hospitali, vidole vyake vilikuwa vinajikunjua kidogo. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tumeshasahau kwamba viliwahi kujikunjua.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyempata baadaye alimwamkia mama, akakaa naye, akaweka kibanio cha nguo mezani. Akaushika mkono wa kushoto taratibu na kumwambia, "Mama, nichukulie hicho kwa huu mwingine." Tukanyanyuka kusaidia. "Dada zangu, mwacheni." Tulisubiri mpaka mimi machozi yakaanza kunilenga. Kisha kidole cha shahada kikasogea.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za Edward Taub, mwanasayansi wa Marekani. Taub aliwakata tumbili mishipa ya fahamu inayoleta hisia kutoka mkono mmoja, na tumbili wakaacha kabisa kuutumia mkono huo, ingawa mishipa ya kuusogeza ilikuwa haijaguswa. Alipoufunga ule mkono wenye nguvu, ule ulioachwa ukaanza kazi. Maelezo yake ni kwamba siku za mwanzo mnyama hujaribu, akashindwa, akaangusha chakula. Huku mkono wa pili unafaulu. Hujifunza kuususa mkono dhaifu, na mazoea hayo hubaki hata baada ya mkono kupata uwezo. Majaribio hayo yalimfikisha mahakamani, baada ya polisi kuingia maabara yake Silver Spring, Maryland, mwaka 1981. Hali ya wanyama wale inaniumiza kuisoma, na sitaki kuificha wakati mama yangu amenufaika.

Baadaye Taub, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, aliligeuza wazo hilo kuwa tiba. Mgonjwa huvaa glovu nene kwenye mkono usiopooza karibu muda wote awapo macho kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Matokeo ya jaribio la wagonjwa 222 nchini Marekani yalitolewa mwaka 2006. Wote walikuwa wamepata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla ya kuanza. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa tiba hiyo walikuwa wanautumia mkono vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vipimo vingine vimeonyesha kwamba eneo la ubongo linaloendesha mkono huo hupanuka.

Sisi hatukuwa na mtaalamu wa kukaa naye kutwa. Yule wetu alitupangia mazoezi ya muda wa saa mbili kila asubuhi na muda wa saa moja kila jioni. Soksi nene ilivalishwa mkono wa kushoto, na mama akachambua mchele, akatoa maharage kwenye maganda, akabana vibanio kwenye kamba ya nguo, akakunja kanga za wajukuu. Chambueni naye mchele halisi wa chakula cha mchana; mpira wa kuminyaminya alikuwa anautupa.

Usianze bila kumwuliza mtaalamu. Mkono usiosogea hata kidogo haufai kwa njia hii, na asiyesimama imara asizuiwe mkono wa kujishikia akiwa anatembea. Vitu vya moto viwe mbali. Wala usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, maana bega huachia, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi yote.

Kigumu zaidi kilikuwa kukaa mbele ya sahani yake tukitazama wali ukimwagika. Dada yangu mkubwa alikuwa anatoka nje. Sasa mama anakula kwa mkono wake wa kulia, polepole, anamaliza wa mwisho. Kikombe cha chai bado anakishika kwa mikono miwili, nasi tunakijaza nusu.