Diski inajimaunti, inapandishwa au inapachikwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta, niko Makoroboi hapa Mwanza. Kuna ofisi tumeiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikawaandikia tangazo la kubandika ukutani: "Ukichomeka diski ya nje itajimaunti yenyewe, na usiichomoe kabla ya kuianmaunti." Mwenzangu kacheka sana. Yeye anataka niandike "itapandishwa" na "kushushwa". Kiswahili chake hasa ni kipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Mwenzako asicheke mapema. Hilo "kupandisha" kalitoa kwenye kamusi ya Kiingereza, ambako "mount", lililozaa maunti yako ya kuifanya diski ifunguke kwenye folda, ni pamoja na kupanda farasi na kupanda mlima. Hebu amwambie mfugaji wa Misungwi kwamba leo asubuhi kapandisha, aone kama hataulizwa dume kalipata wapi.

Neno lako ni kupachika. Mzee hupachika kisu kiunoni, na mtangazaji wa mpira hatuachi tusahau nani kapachika bao dakika ya ngapi. Ni kukiingiza kitu mahali pake kikakaa. (Ndiyo, najua pia habari ya kupachika mimba. Watu wa ofisini watacheka siku mbili, ya tatu watazoea.) Na linaiva zaidi ukikumbuka Linux inavyopanga mambo yake. Haina herufi D wala E za diski kama Windows. Ina mti mmoja tu wa mafolda, na kila diski mpya hupachikwa kwenye tawi mojawapo. Kwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, tawi hilo huwa ndani ya /media, chini ya jina la mtumiaji.

Kuchomeka ni jambo jingine, ni kazi ya mkono. Wewe umevuka na kivuko cha Kamanga, unajua kwamba kufika ng'ambo si kushuka. Mnasubiri mpaka mlango ulazwe. Ukichomeka waya, kiini cha Linux kinaitambua diski na kuipa jina, tuseme /dev/sdb1, na programu iitwayo udev inazipasha habari programu nyingine, lakini mafaili bado yamo kivukoni. Mpaka udisks, programu ya kusimamia diski, kwa kuombwa na mazingira ya skrini kama GNOME, iipachike kwenye folda, ndipo abiria wanashuka. Yote hayo ni kufumba na kufumbua, ndiyo maana watu wanadhani ni tendo moja.

Sasa "itajimaunti". Hiyo ji- inasema diski imejitendea, na haijafanya kitu, imefanyiwa. Ukisema "imejipachika" ndiyo unaharibu kabisa, maana anayejipachika kwetu ni yule aliyejipa cheo asichopewa. Tumia kauli ya kutendwa: inapachikwa.

Kilichoniudhi hasa ni "kuianmaunti". Kumaunti lenyewe lina sura ya kitenzi cha kukopa, kama kuseti, na likibaki karakanani halimdhuru mtu. Ila halizai kinyume chake, mpaka ulibandikie kichwa cha Kiingereza katikati ya viambishi vyetu. (Hata Waingereza wenyewe limewakwama: amri inaandikwa "umount", n ya kwanza haimo.) Kiswahili kina kauli ya kutendua kwa kazi hiyohiyo: funga, fungua, ziba, zibua, chomeka, chomoa. Basi pachika, pachua. Hata kama hukuwahi kulisikia pachua, sikio lako limeshalipokea.

Na usiogope kuwa na vinyume viwili kwenye sentensi moja, kwa sababu matendo ni mawili. Mtu akinakili mafaili, Linux haiandiki yote papo hapo. Mengine huyashikilia kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kuipachua diski ndiko kunakolazimisha yaliyobaki yaandikwe. Anayechomoa kabla ya kupachua anaweza kufika nyumbani na faili nusu. "Kutoa" lingewachanganya hapo, kwani kila mmoja angedhani ni kuvuta waya.

Tangazo lako basi, kwa herufi kubwa, kwani atakayelisoma ni mhasibu na si fundi:

UKICHOMEKA DISKI YA NJE ITAPACHIKWA BILA AMRI YAKO. UKIMALIZA, IPACHUE KWANZA, NDIPO UICHOMOE.