Uvimbe wa maji shingoni sio lazima uwe goita

Pole dada uliyeuliza kama uvimbe wa shingoni wa mama ni goita. Kama ultrasaundi imeonyesha mfuko wa maji kwa chini ya thairoidi (ile tezi ya mbele ya shingo) na homoni za thairoidi ziko sawa, goita inawezekana, ila kuna kitu adimu ambacho wengi hawakifikirii, sisti ya parathairoidi, yaani mfuko wa maji kwenye vile vitezi vidogo, kawaida 4, vinavyokaa nyuma ya thairoidi kusawazisha kalsiamu. Wakivuta maji kwa sindano yakatoka safi hayana rangi kabisa kama ya bombani hiyo ni dalili kubwa, lakini muombeni daktari yapimwe PTH, yaani homoni ya vitezi hivyo, jibu liko hapo, kuangalia seli peke yake mara nyingi hakusaidii.

Damu nayo ipimwe kalsiamu na PTH. Zikiwa kawaida kuvuta maji tu kunaweza kutosha, japo yanaweza kujaa tena, yakirudirudi au yakimbana koo ndo upasuaji. Kalsiamu na PTH zikiwa juu hapo kwa kawaida ni kuitoa tu. Kuna wanaochoma alkoholi ndani ikauke, mi siipendi sana, neva ya sauti iko jirani pale. Na sauti ikianza kukwaruza au kumeza kukawa shida asisubiri miadi, aende mapema.