Hesabu zisikutishe, chuo ndicho cha kuchunguza

Mdogo wangu wa Wete, Pemba, nimekufahamu. Umemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sanaa, unataka shahada ya utawala wa biashara, unaogopa hesabu, na mzee hataki uvuke kuja Unguja.

Hofu ya hesabu naijua. Mie mtihani wa kwanza wa uhasibu niliuangusha. Kilichonitoa ni duka la mjomba. Nilikaa na daftari lake: polo la mchele limeingia, kilo tatu zimetoka, fulani kakopa. Siku nilipoona droo imejaa noti, na bado mjomba anadaiwa na muuzaji wa jumla, ndipo nilipoelewa kuwa pesa mkononi si faida. Tafuta duka kama hilo sasa hivi, kabla muhula haujaanza. Takwimu ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Hiyo usiisome peke yako.

Chuo, anza na mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: angalia kama kozi imetambuliwa na inataka alama gani. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ipo, na Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho ni cha binafsi, kipo Tunguu. Usipoelewa kitu, waulize ofisi ya udahili wenyewe. Anayetaka umpe pesa akupatie nafasi, mkimbie. Na mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu ni deni, usome mkataba kabla hujatia saini.

Mzee usishindane naye. Mtume shangazi yako, aende na jina la jamaa utakayefikia kwake. Mara nyingi wazee wanachoogopa ni hapo pa kulala, si hicho chuo.