Kwa unayeanza kusoma habari za roho na nafsi

Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma habari hizi niliumalizia kwenye ubishi. Nilitaka kujua roho imeumbwa kwa kitu gani na inakaa wapi mwilini. Daftari lilijaa kauli za wanazuoni, na Alfajiri ikinipita kitandani. Siku moja ustadhi akanifungulia Suratul Israa, aya ya 85: roho ni katika mambo ya Mola wangu, nanyi hamkupewa katika elimu ila kidogo tu. Kisha akafunga msahafu. Nikaona ananinyima elimu, nikanuna wiki nzima.

Aya ile haikufungii mlango wa kusoma. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 Miladia, aliandika kitabu kizima kuhusu roho. Lakini kiache kwanza, kimejaa masuala ya khitilafu na mgeni hupotea humo.

Anza na maneno. Mwanazuoni Al-Ghazali, kabla ya kuzungumzia maajabu ya moyo, aliketi kwanza akafafanua maneno manne: moyo, roho, nafsi na akili, kwa kuwa kila moja lina maana zaidi ya moja na mahali pengine yanakutana. Kiswahili nacho kina mtego wake. Tukisema fulani ana roho mbaya, tunayoilaumu hasa ni nafsi yake. Ukisoma tafsiri bila kuliangalia hilo, utachanganya mambo mapema.

Halafu utafika kwenye nafsi tatu: inayoamrisha maovu (Yusuf, 53), inayojilaumu (Al-Qiyama, 2) na iliyotua (Al-Fajr, 27). Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunazifanya madarasa ya shule, mtu anafaulu la kwanza anapanda la pili. Mimi nilijipangia la pili, kwa unyenyekevu eti, huku nikilichungulia la tatu. Wanazuoni wengi wamezieleza kuwa ni sifa za nafsi hiyo hiyo moja. Asubuhi imetulia kwenye dhikri, adhuhuri inasengenya, usiku inajuta. Ukilielewa hili utaacha kuwapima wenzako, maana nafsi yako mwenyewe hujui saa ijayo itakuwa wapi.

Kuhusu muhasaba, yaani kujihesabu, usiubebe mzigo mkubwa. Nilichora jedwali la ibada lenye vyumba vingi, na baada ya mwezi likawa kitu cha kuonyesha watu. Amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Hadithi hiyo kaipokea Bibi Aisha, na iko kwa Bukhari na Muslim.

Siku hizi nina swali moja tu la kabla ya kulala: leo nimekula nyama ya nani? Ni lugha ya Suratul Hujurat, inayofananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Kuna usiku majina matatu hunijia kabla sijazima taa.