Ridhaa ya mwalimu mkuu haitoshi

Umeuliza iwapo ridhaa ya mwalimu mkuu inatosha kuwahoji wanafunzi viziwi, kwa utafiti wako, kuhusu ushauri nasaha shuleni kwao. Haitoshi: nchini Kenya, mbali na kibali cha NACOSTI (tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti) na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe akubali baada ya kuelezwa kwa Lugha ya Alama ya Kenya. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni mkalimani, kwani ukimtumia mwalimu wa darasa, ambaye pengine ndiye mshauri mwenyewe, mtoto anayeulizwa kama anamwamini mshauri wake ataelekea kujibu ndiyo huku akimtazama usoni. Mtafute mkalimani wa nje, naye aahidi kutunza siri.